Ile M ya Mkangafu

Klabu ya maigizo ninayoisimamia hapa Uyole, Mbeya, hukutana Jumatano baada ya vipindi, kwenye darasa ambalo madawati yake tunayasukumia ukutani. Mwaka huu, siku ya kupokea kidato cha kwanza, mwalimu mwenzangu alinivuta pembeni mlangoni. "Kaka, yule mdogo aliyekaa dirishani usimpe maneno ya kusema. Ana kigugumizi, watamcheka. Mpe ngoma apige." Alisema kwa huruma kabisa, ndiyo maana sikumjibu pale pale. Jibu lake ni refu, na ni kisa changu mwenyewe.

Nakiandika jinsi tunavyoandika kisa cha mwanafunzi tunapotaka walimu wengine wakijadili: mtoto alikuwaje, alifanyiwa nini, kikatokea nini, watu wazima walikosea wapi. Shule yenyewe sitaitaja. Ilikuwa kando ya Makambako, mwaka 1994, siku ambazo Makambako ilikuwa bado Mkoa wa Iringa. Njombe ilikuja kupata mkoa wake 2012.

Mtoto mwenyewe

Nilikuwa darasa la tano, umri miaka 12, nalelewa na bibi mzaa mama. Kigugumizi changu hakikuwa kile cha kurudiarudia silaba ambacho watu hupenda kukiigiza. Changu kilikuwa cha kukwama. Neno linafika mdomoni, mlango unafungwa, shingo inakaza, jicho la kushoto linajifumba lenyewe, na mimi nabaki nimesimama mbele za watu kama niliyesahau jina langu. Herufi zangu mbaya zilikuwa m na k. Kwa anayesema Kiswahili hilo ni balaa, maana mama, mtoto, mwalimu, maji, kaka, kitabu na kalamu vyote vimejipanga huko huko.

Asubuhi tukiitwa majina tulitakiwa kuitikia "Nipo, Mwalimu." Nipo ilitoka. Mwalimu haikutoka. Nikawa naitikia "Nipo" na kukaa, na mmoja wa walimu akaniona nina jeuri. Viboko nilivyokula darasa la tatu na la nne vingi vilikuwa vya neno hilo moja.

Bibi alikuwa na maelezo yake. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa na kigugumizi, na mimi nikiwa mtoto mdogo nilikuwa namwiga watu wacheke. "Ukimwiga mwenye kigugumizi kinakuhamia," Bibi alisema, na kuanzia hapo kuiga kukapigwa marufuku nyumbani. Nisiige mlevi, nisiige padri, nisiige hata jogoo. Leo najua Bibi alikosea sababu ila hakukosea ukoo. Kigugumizi mara nyingi huanza mtoto akiwa na miaka 2 hadi 5, huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, hutembea katika familia, na kinahusiana na namna ubongo unavyopanga wakati wa kutamka. Hakihami kwa kuiga, na hakiletwi na woga. Woga hukikuta kipo ukakikoleza. Mimi na mjomba tulirithi kutoka chungu kimoja, basi.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna aliyeliona, mimi mwenyewe nikiwemo. Kila siku ya shule, kwa muda mrefu tu, sikuwa na kigugumizi. Alfajiri kwenye mchakamchaka, na ule upepo wa Makambako unaopita kwenye sweta kama vile hujavaa kitu, nilikuwa naimba kila neno. Mwalimu akiingia darasani, "Shikamoo Mwalimu" ya watoto sitini na ushee ikapaa, na ile ile Mwalimu iliyonigomea dakika tano nyuma inateleza kama mafuta ya alizeti. Tukisoma jedwali la kuzidisha kwa sauti moja sikwami, hata kwenye "mara kumi". Wanaochunguza kigugumizi wanalijua hili siku nyingi: mtu akiimba, akisema pamoja na wenzake au akifuata mapigo, kukwama hupungua sana kwa muda ule. Mimi sikulihesabu hilo kuwa ni kusema. Niliona ni kujificha ndani ya wenzangu.

Mkwaju wa nyuma ya jiko

Likizo ya Juni binamu yangu alikuja kutoka Dodoma. Siku hizo Redio Tanzania ilikuwa na mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza 1993, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na kila aliyekuwa na betri alimjua Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima na mke wake Tunu nyumbani. Kwetu Mkwaju alikuwa zaidi ya mtu wa redioni. Makambako ni njia panda: barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapo, ya Njombe na Songea inachipukia hapo, na reli ya TAZARA nayo inapita. Madereva wa malori tuliwaona kwa macho wakipiga mswaki kando ya tairi. Tulikuwa tukibishana yupi kati yao ni Mkwaju.

Binamu hakumjua. Nikamwona mshamba, nikadhani Dodoma redio zao mbovu. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilisoma kwamba mtambo wa Dodoma uliachwa makusudi bila mchezo ule hadi 1995, ili watafiti walinganishe watu waliousikia na wasiousikia. Kwa hiyo binamu yangu alikuwa sehemu ya utafiti bila kujijua, na mimi nikauvuruga. Nilimpeleka nyuma ya jiko la Bibi, mahali pa kupasulia kuni, nikamchezea. Mkwaju kwa sauti nzito ya kifuani, Tunu kwa sauti ya kuchoka, honi ya lori kwa mdomo na kiganja. Nilipomaliza niliyoyasikia redioni aliuliza, "Halafu?" Kesho yake tena, "Halafu?" Ikabidi nianze kutunga.

Yeye hakuwahi kusikia sauti ya Mkwaju wa redioni. Kwake Mkwaju alikuwa mimi. Siku ya tatu au ya nne alinitazama, akaguna, akasema: "Hivi wewe mbona Mkwaju wako hana kigugumizi?"

Sikuwa nimegundua. Nilijaribu kumjibu, nikakwama.

Punje kumi na sita

Muhula wa pili ulituletea mwalimu mgeni wa Kiswahili, mama mmoja wa Tukuyu, mfupi, mwenye mazoea ya kuzunguka darasani wakati tunasoma kwa pamoja huku ameinamisha kichwa kana kwamba anatafuta kitu kilichoanguka. Alikuwa anasikiliza mdomo mmoja mmoja. Siku moja alinikuta nyuma ya jiko la shule, kwenye foleni ya kuni, nawapigia debe wenzangu kama wale vijana wa stendi: "Songea! Songea! Siti mbili, mama ingia, mtoto unampakata!" Wenzangu walipomwona wakatawanyika. Yeye aliuliza tu kama basi limejaa, akaondoka.

Wiki iliyofuata alitangaza ngonjera ya mahafali ya darasa la saba. Kwa asiyeikumbuka shule ya msingi: ngonjera ni shairi la kujibizana, na aliyeianzisha na kuieneza ni Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zilienea mashuleni kama njia ya kufundisha siasa na maadili. Mkao wake wa kawaida ni kwamba mmoja kapotoka na mwingine anamwelekeza, wanabishana ubeti kwa ubeti, mwishoni yule mpotovu anakubali. Kila mtoto hutaka kuwa yule mwema kwa sababu wazazi watakuwepo. Lakini sikiliza ngonjera kumi uone: maneno matamu amepewa mpotovu.

Mimi nilipewa mpotovu. Mlevi wa ulanzi anayemshawishi mwanafunzi aache shule. Mwalimu hakuniuliza kama nitaweza, wala hakunitangazia darasani kwamba ananisaidia, na hilo la pili nimekuja kulithamini kuliko la kwanza. Alinipa karatasi. Ubeti wangu wa kwanza naukumbuka mpaka leo:

Shule imekupa nini, ila viboko na njaa,
Njoo kwangu mianzini, mbeta zote zimejaa,
Vitabu tia motoni, tuuote tukikaa,
Mkangafu wa shambani, unaleta ushujaa.

Kwa wasio wa kwetu: ulanzi ni pombe ya mwanzi. Mwanzi mchanga hukatwa ncha, chini yake hufungwa mbeta, kile chombo cha kukingia, na utomvu unadondoka. Ukinywewa mapema, bado mtamu, ni mtogwa. Ukikaa ukawa mkali ni mkangafu.

Nilipofika kwenye ubeti huo nikaona mitego yake: motoni, na ile Mkangafu yenye m na k zimeshikana mwanzoni kabisa mwa mstari. Nikamwambia Mwalimu, kwa dakika nzima ya kuhangaika, kwamba lile neno libadilishwe. Angeweza kulibadilisha. Badala yake alinikalisha kwenye dawati baada ya vipindi, akatoa mfukoni maharage. Akapanga punje nane, akaacha nafasi, akapanga nane nyingine. "Mstari mmoja huu. Kila mizani punje yake. Ukisema, sogeza."

Shu-le i-me-ku-pa ni-ni. Nane. Pumzika kwenye nafasi. I-la vi-bo-ko na nja-a. Nane. Nilisogeza punje kwa kidole, na kidole kilikuwa kinaniambia ni lini. Nadhani hicho ndicho nilichokikosa maisha yangu yote mpaka siku ile. Maneno nilikuwa nayo. Wakati wa kuyatoa ndio ulikuwa unanikimbia.

Tulipofika kwenye Mkangafu nikaweka kidole kwenye punje ya kwanza nikasema "Mka", au nilijaribu. Mwalimu akanishika kidole. "Hapana, baba. Hesabu. Mkangafu ina mizani ngapi?" Nikasema tatu. "Nne. M-ka-nga-fu. Hii m ni mizani kamili. Ina punje yake, haijakopa kwa mtu. Ikalie mpaka uichoke, ndipo uhamie ka."

Ni kanuni ya ushairi ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua, na mimi mwenyewe naifundisha kila mwaka: m ya mtoto, ya mlevi, ya mkangafu, husimama peke yake kama silaba. Sijawahi kuifundisha bila kuona yale maharage. Maana yake kwangu ilikuwa kwamba pale mahali nilipokuwa nakwama palikuwa na nafasi halali ya kusimama. Nilikuwa napigana kuiruka m haraka nifike ng'ambo, kumbe lugha yenyewe imenipa kiti.

Baada ya wiki mbili za punje tuliongeza ngoma. Mvulana wa darasa la sita alipiga pigo moja mwanzo wa kila kipande, polepole, na msichana aliyekuwa mwanafunzi mwema, sauti yake kali kama filimbi ya mwamuzi, tukabishana naye hadi giza. Uongozi wa shule haukufurahi. Mgeni rasmi anakuja, nani amempa nafasi mtoto anayekwama? Mwalimu alijibu kuwa ngoma itakuwepo, na mambo yakaishia hapo.

Siku ya mahafali

Madawati yaliunganishwa yakawa jukwaa, nyuma yake vitenge viwili vimefungwa kwenye kamba. Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne asubuhi akafika saa nane mchana. Alisalimia "Kamwene!", umati ukaitika "Kamwene!", na jamaa wakasahau njaa kwa muda. Risala ikasomwa. Kisha mtu wa ratiba akaanza kukata: kwaya wimbo mmoja, sarakasi zisiwepo, na ngoma zote ziondolewe ili kuokoa muda. Kijana wangu wa ngoma akatumwa akakae na wenzake.

Mimi nilijua nikiwa tayari jukwaani. Msichana alimaliza ubeti wake, nikageuka kumtazama mpiga ngoma, na pale palikuwa na stuli tupu.

Mstari wa kwanza ulitoka. Sijui ulitokaje, labda kidole kilikuwa kinasogeza maharage ndani ya mfuko wa kaptura. Wa pili ulitoka, na niliposema mbeta zote zimejaa mzee mmoja akapaza sauti kutoka chini ya miti: "Kiangazi hiki zimejaa maji ya wapi?" Watu wakacheka. Alikuwa na haki. Ulanzi hugemwa wakati wa mvua, na mwalimu wetu wa Tukuyu, kwenye migomba, hakulijua hilo. Lakini kicheko kile kilinipotezea hesabu. Nikasema vitabu tia motoni nikiwa nimeshalegea, na Mkangafu ikanikuta bila punje, bila ngoma.

Mlango ukafungwa. Shingo ikakaza, jicho likafumba, mkono ukaanza kuinuka wenyewe. Nasikia upepo kwenye vitenge. Nasikia nyuma ya pazia Mwalimu anapumua. Ni sekunde nne au tano hizo, na kwa mwenye kigugumizi sekunde tano ni mahali unapoweza kuishi.

Yule yule mzee akasema, kwa sauti ya kuridhika: "Eeh, umeshamwingia!"

Umati mzima ukapasuka. Na mimi, niliyeogopa kicheko kuliko fimbo, nikakisikiliza kikiwa kinakuja nikaona kwamba hakikuwa kinanijia mimi. Kilikuwa kinamwendea mlevi. Wao walikuwa wanaona mtu aliyelewa anatafuta neno. Shingo yangu ilikuwa shingo ya mlevi, jicho langu la mlevi, mkono ulioinuka ni wa mlevi anayetafuta ukuta. Nikamwachia mlevi vyote. Nikayumba kidogo, nikaishika ile m, sasa ikitoa sauti, mmmm, kama mtu anayeonja kitu, nikaikalia mpaka nikaichoka, halafu nikahamia: kangafu wa shambani, unaleta ushujaa.

Sikumbuki beti zilizofuata. Nakumbuka mzee yule alipanda mpaka kwenye dawati, akanibandika noti kuukuu kwenye paji la uso kama watu wanavyotunza waimbaji, na noti ikanata kwa jasho ingawa kulikuwa na baridi. Nakumbuka nilitaka mtu aseme "Halafu?"

Nakumbuka pia kofia. Mjomba wangu alikuwa amesimama pembeni, karibu na miti ya miwati, na kofia yake ya sufu. Kijiji kizima kilimjua mjomba kwa mambo mawili: ni mgema wa ulanzi, na ana kigugumizi. Watu waliokuwa wakicheka walianza kumtazama. Mmoja akampiga begani. Aliivuta kofia ikafunika masikio, akageuka, akaondoka kabla ya pilau.

Tulipokosea

Kwa kawaida kisa kama hiki husimuliwa mpaka kwenye noti ya pajini, halafu watu wanapiga makofi. Mimi nataka tuanzie hapo.

Wiki tatu baadaye kulikuwa na mkutano wa wazazi, na mmoja wa walimu akaniambia nirudie ngonjera ile, "na ile sehemu ya kukwama uongeze". Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia ndoo nzima. Nilikwama kwa makusudi kwenye shule, kwenye njoo, kwenye vitabu, kote ambako sikuwa nakwama. Watu walicheka mara ya kwanza, ya pili wakatabasamu, ya tatu watoto wadogo wakaanza kunifuatisha. Nilishuka pale nikiwa mtoto mwenye kigugumizi anayejicheka mwenyewe ili wengine wapate ruhusa. Siku kadhaa baada ya hapo sikuweza kusema hata Nipo. Mwalimu wangu wa Kiswahili, ambaye siku ile alikuwa safarini, aliporudi na kusikia, alienda ofisini na mlango ukafungwa. Sikuwahi kuombwa tena.

Tofauti ya siku mbili hizo nimeitafakari kwa miaka. Siku ya kwanza nilikuwa na kigugumizi nikamkabidhi mhusika, naye akakitumia kwa shida yake mwenyewe: amelewa, neno limempotea, analitaka. Siku ya pili hapakuwa na mhusika. Kulikuwa na mimi na kigugumizi kama bidhaa. Mwalimu anayeongoza watoto lazima aone mstari huo, kwa sababu kutoka kwenye viti vya mbele pande zake mbili zinafanana, na makofi yake yanafanana.

Mwalimu wangu naye simpi maksi zote. Maharage yalikuwa kazi ya fundi. Kumchagua mpotovu awe wangu kulikuwa kazi ya fundi, maana mwema angetakiwa kusema sawasawa na mlevi hadaiwi. Lakini aliniegemeza kwenye ngoma bila kunizoeza siku moja kusema bila ngoma, na kila aliyewahi kupanda jukwaa la mahafali anajua kwamba kitu cha kwanza kukatwa kwenye ratiba ni ngoma. Na alitunga ngonjera ya mlevi wa ulanzi, akampa mtoto mwenye kigugumizi, katika kijiji chenye mgema mmoja mwenye kigugumizi, bila kuuliza mtu yeyote. Mgeni hajui. Mimi nilijua. Nilijua tangu siku ya karatasi, na huo mwendo wa kuyumba nilioutumia ulikuwa wa nani kama si wake? Bibi alinikataza kumwiga mjomba nikamwiga mbele ya kata nzima.

Watu wenye kigugumizi cha kudumu ni takriban 1 kati ya 100. Shule yenye wanafunzi 800 ina kama wanane, na kwa kawaida tunamfahamu mmoja au wawili, waliobaki wamejifunza kuitikia "Nipo" na kukaa. Mwigizaji wa Marekani James Earl Jones, yule mwenye sauti nzito ambayo dunia nzima iliitambua, alikaa kama miaka minane ya utoto wake bila kusema shuleni, mpaka mwalimu alipomtaka asimame asome kwa moyo shairi alilolitunga mwenyewe. Hata yeye alisema hakikuisha. Alijifunza kuishi nacho. Changu pia kipo. Wanafunzi wangu wanajua kwamba mwalimu wao akifika kwenye neno fulani atatulia kidogo, wanasubiri. Naigiza bila kukwama, nafundisha ubeti bila kukwama, halafu naenda dukani kuomba kiberiti nakwama.

Kwa hiyo, mwenzangu, yule mdogo wa dirishani nimempa maneno. Nimempa awe konda, sauti ya stendi, maneno mafupi yenye mapigo. Kabla ya hapo nilimuuliza ni nani mwingine kwao anakwama kama yeye. Akasema ni baba. Nikamwambia akamweleze baba kwanza.

Masika

Mjomba hakunisemesha tangu mahafali mpaka mvua zilipoanza. Bibi hakusema neno, ila jioni ile ya noti aliniuliza swali moja, "Leo umemwiga nani?", na sikumjibu.

Januari Bibi alinituma kwake nikachukue mtogwa. Nilimkuta kwenye mianzi, kisu kidogo cha kugemea mkononi, analainisha kidonda cha mwanzi ili utomvu usizibe. Aligeuka, akanipokea chombo. Halafu akaniuliza kama mimi namwona yeye ni mlevi. Swali hilo lilimchukua muda mrefu, kwenye ile m, na mimi nikasubiri maana nilijua lilipo.

Nikasema hapana, Mjomba.

"Basi lirudie."

Nililirudia pale pale, kwa aibu, nikiangalia chini. Alipoona nahesabu kwa kidole pajani akaanza kugonga mwanzi kwa mpini wa kisu, pigo kila nusu mstari, bila kuambiwa. Mara ya pili akaingia na yeye. Shule imekupa nini, ila viboko na njaa. Sauti yake sikuwahi kuisikia ikinyooka hivyo, ilikuwa sauti ya mtu mwingine, nzuri kuliko yangu. Tulifika kwenye Mkangafu tukaikalia m wote wawili, tukahamia.

Akataka kuisema peke yake. Akagonga mwanzi, akavuta pumzi, akakwama kwenye "Shule". Akagonga tena, akakwama. Akacheka kwa pua, akanipa chombo changu, akahamia mwanzi wa pili.